Shampuu nyepesi: tuelewane kwanza uzito unatoka wapi (uzi mrefu)

Unywele_Mwembamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Swali la "nitumie shampuu gani nyepesi" linarudi humu kila baada ya siku chache, na kila mara majibu ni majina ya chupa. Mmoja anasifia yake, mwingine anasema hiyo hiyo ilimkausha nywele, na aliyeuliza anaondoka na orodha isiyomhusu. Naomba leo tulichambue vizuri.

Nianze na mimi. Nina nywele za kipilipili, mikunjo midogo kabisa. Miaka minane nimeambiwa kwamba nywele za namna hii ni kavu na ngumu, kwa hiyo dawa yake ni vitu vizito: shampuu ya krimu, siagi, mafuta mazito juu yake. Nikatii. Nikiosha Jumamosi, Jumatatu zimelala, zinanata, zimeshika vumbi na mikunjo haionekani. Nikadhani bado ni kavu, nikaongeza mafuta. Yakawa mabaya zaidi.

Nilizinduka siku nilipochomoa unywele mmoja kwenye kitana nikauweka kando ya uzi wa kushonea. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada siusikii kabisa. Ninazo nyingi, zimejikunja sana, lakini mmoja mmoja ni mwembamba. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, wala mimi sikuwahi kujiuliza.

Mkunjo ni jambo moja, unene wa unywele ni jambo la pili, wingi wa nywele ni la tatu. Ule mfumo wa namba aliouanzisha Andre Walker, mtengeneza nywele wa Marekani, 1 (zilizonyooka) hadi 4 (mikunjo midogo kabisa) na herufi zake, wengi wetu tunautumia kutaja mkunjo tu. Mtu akikwambia "mimi ni 4C" bado hujajua kama unywele wake unabeba kitu kizito au hauwezi. Mwenye nywele za singa anaweza kuwa na unywele mnene kama wa mkia wa farasi, na mwenye kipilipili akawa na unywele laini kama wa mtoto.

Kwa nini unene una maana hivyo? Chukua nyuzi mbili za kitu kile kile, moja ina unene nusu ya mwenzake. Ile nyembamba haipindi kirahisi mara mbili, inapinda kirahisi mara 16. Halafu gramu moja ya nywele nyembamba ina nyuzi nyingi zaidi, kwa hiyo ina uso mkubwa zaidi wa kupakwa. Yaani wewe mwenye nywele nyembamba unabeba mzigo mkubwa kwa mgongo dhaifu. Ndiyo maana shampuu inayomfanya rafiki yako ang'ae inakufanya wewe uonekane hujaoga.

Sasa "nyepesi" ni nini? Neno hilo halina kipimo rasmi; kiwanda chochote kinaweza kuliandika kwenye chupa. Na msipime kwa jinsi inavyomiminika. Shampuu nyingi huongezwa uzito kwa chumvi ya kawaida, ile ile sodiamu kloraidi, ndipo zikawa kama asali. Unaweza ukakuta nzito kwenye kiganja, ikisuuzwa haiachi kitu. Na unaweza ukakuta nyepesi kama maji lakini imejaa vitu vya kubaki. Povu nalo halisemi lolote kuhusu hili.

Kwangu mimi, shampuu nyepesi ni ile ambayo baada ya kusuuza imebakisha kidogo sana juu ya unywele. Uzito ni kile kinachobaki.

Vinavyobaki ni vya aina chache. Kuna mafuta na siagi, hivyo mnavijua. Kuna silikoni, majina mengi yanayoishia na "koni", mfano dimethikoni. Halafu kuna kundi ambalo watu hawalioni kabisa: polima (molekuli ndefu kama minyororo) zenye chaji chanya. Kwenye lebo tafuteni polikwaterniamu ikifuatwa na namba, au jina refu linaloanza na "guari". Unywele ukilowa una chaji hasi, kwa hiyo hivi huung'ang'ania. Tena vimetengenezwa kwa akili: ndani ya chupa vimeyeyuka, ukianza kusuuza na maji yakaongezeka, hujitenga na kutua juu ya nywele. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi zile shampuu zinazojiita mbili kwa moja. Si vitu vibaya. Mwenye nywele ndefu, nene, zinazofungamana, vitu hivi vinamwokoa asikate nusu ya kichwa wakati wa kuchana. Ila kwa mwenye unywele mwembamba vinajilimbikiza kila muosho.

Mbinu ya kusoma lebo: viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Maji huwa ya kwanza karibu kila mara. Manukato kwa kawaida ni kidogo sana, kwa hiyo mafuta yaliyotajwa baada ya manukato mara nyingi ni tone tu la kupendezesha picha ya mbele. Siagi ikiwa kwenye majina matano au sita ya mwanzo, hiyo si nyepesi hata iandikwe nini.

Na hali ya hewa. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliandika kuhusu kipimo chake cha unyevu wa hewa kilichotumia unywele wa binadamu, kwa sababu unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikikauka. Nalipenda sana jambo hili: kila mmoja wetu ana kipimo cha hali ya hewa kichwani. Unywele uliolowa unaweza kunenepa kwa zaidi ya asilimia 10, huku urefu ukiongezeka kidogo tu. Kwenye joto lenye unyevu, jasho na mafuta ya kichwa vinatiririka, na chochote kizito ulichopaka kinakuwa gundi. Kwenye baridi kavu nywele zinapoteza maji, zinasimama kwa umeme na kukatika. Kwa hiyo wa kwenye unyevu wakimbie shampuu yenye glisirini, kiambato kinachovuta maji, na wa kwenye ukavu nao waikimbie maana itanyonya maji kutoka kwenye unywele.

Karibuni. Tuambiane kwanza: unene wa unywele, ngozi ya kichwa ikoje siku ya pili, maji unayooshea, hewa ya unapoishi. Jina la chupa liwe la mwisho.

---

SingaZangu

Asante sana kwa uzi, dada. Nimesoma mara mbili. Mimi nina za singa, nyembamba, na naishi kwenye joto la unyevu mwaka mzima. Naosha asubuhi, saa nane mchana utosi unang'aa kama nimepakwa mafuta. Nimeambiwa nipunguze kuosha ili kichwa "kizoee" kisitoe mafuta mengi. Nimejaribu mwezi mzima, nimeteseka tu. Nifanyeje?

---

Unywele_Mwembamba

Pole, ndugu yangu. Osha. Tezi za mafuta zinaongozwa zaidi na homoni; hazihesabu umeosha mara ngapi. Ulichokiona mwezi ule ni mafuta yale yale yakirundikana. Kwenye nywele za singa mafuta hushuka kirahisi kutoka kwenye mzizi maana njia imenyooka. Kwenye za kwangu yanakwama kwenye kona za mikunjo, ndiyo maana ngozi yangu inaweza kuwa na mafuta na ncha zikawa kavu kwa wakati mmoja.

Kwa anayeosha kila siku, kisafishaji kiwe cha upole. Tafuta yenye kokamidopropili betaini au majina yanayoishia na "glukosaidi" karibu na mwanzo wa orodha, isiyo na silikoni wala polikwaterniamu. Weka kwenye ngozi ya kichwa tu, sugua kwa nyama za vidole, acha povu lipite kwenye urefu wakati wa kusuuza. Kondishena ianzie masikioni kushuka chini, utosi usiuguse. Mimi naamini nusu ya malalamiko ya "shampuu nzito" ni kondishena iliyopakwa hadi kwenye mzizi.

---

MzeeWaMaabara

Hongera kwa uzi wenye kichwa na miguu. Nina rekebisho moja ambalo ni kubwa. Glisirini.

Glisirini inayeyuka vizuri sana kwenye maji. Ukiwa unaosha na kusuuza kwa maji mengi, karibu yote inakwenda nayo. Haina cha kuishikilia kwenye unywele kama zilivyo zile polima zako. Kwa hiyo kumwambia mtu aikimbie shampuu kwa sababu ya glisirini ni kumnyima chupa nzuri bila sababu. Hoja yako ya hewa ni ya kweli, lakini ihamishie kwenye vitu visivyosuuzwa: krimu ya kuacha, jeli, maji ya kupulizia. Hapo glisirini inakaa kichwani siku nzima na hewa inaamua itende nini.

Na kwa kipimo chako mwenyewe, kwamba uzito ni kile kinachobaki, glisirini ya kwenye shampuu haikupaswa kuwa kwenye orodha.

---

Unywele_Mwembamba

Mkuu, umenishika pazuri na nakubali. Nilichanganya shampuu na vya kuacha kichwani. Wote mliosoma post ya kwanza, sentensi ile ya glisirini ifuteni. Naiacha pale ili maelezo ya mkuu yaeleweke. Asante kwa kunisahihisha kwa kipimo changu mwenyewe.

---

Afya_Kwanza

Mbona hamzungumzii salfeti, vile visafishaji vya kwenye shampuu nyingi? Salfeti ni sumu, inaleta saratani. Kitu cha kwanza ni kuhakikisha chupa imeandikwa haina salfeti, mengine baadaye.

---

MzeeWaMaabara

Habari ya saratani imezunguka miaka mingi kwenye ujumbe wa kusambaziana, lakini haijathibitishwa kwamba kuoshea nywele shampuu yenye salfeti kunaleta saratani. Tatizo lake la kweli ni jingine: sodiamu lauri salfeti inawasha ngozi za baadhi ya watu na inakausha. Ndugu yake, sodiamu laureti salfeti, ni mpole zaidi, na akichanganywa na betaini anakuwa mpole zaidi ya hapo. Mchanganyiko mzima ndio unaoamua.

Halafu "haina salfeti" haimaanishi "laini". Kuna olefini sulfoneti, si salfeti, na inang'oa mafuta kwa nguvu. Mtu ananunua chupa ile kwa imani, nywele zinalia kama sahani iliyooshwa.

---

Unywele_Mwembamba

Naongeza hapa kwa mliolemewa kama mimi nilivyokuwa. Muosho wa kwanza wa kujitua mzigo wa miaka nilitumia shampuu ya salfeti, mara mbili mfululizo, kisha kondishena kwenye ncha. Nililia, wakuu. Mikunjo yangu ilirudi palepale bafuni. Sasa naitumia hiyo mara moja baada ya wiki nne au tano hivi, na ya upole katikati. Afya_Kwanza, kama ngozi yako inawashwa na salfeti, una haki kamili ya kuiepuka. Naomba tu tusiwatie watu hofu isiyo na msingi.

---

Kisima_Kirefu

Mimi shida yangu hamjaigusa. Maji. Nyumbani tunatumia maji ya kisima, birika linaota ukoko mweupe ndani. Nimetumia shampuu nyepesi za kila namna na nywele zinakuwa kama zimepakwa nta. Nikaamua kuoshea sabuni ya kipande nikidhani haina makorokoro ya kubaki. Ikawa balaa.

---

MzeeWaMaabara

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanalaumu shampuu wakati mkosaji ni bomba.

Ukoko wa birika ni dalili ya maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Sabuni ya kipande ikikutana na kalsiamu hutengeneza utando usioyeyuka, ule ule unaouona kwenye beseni. Huo ndio ulikuwa unaupaka kichwani. Visafishaji vya shampuu havitengenezi utando huo kwa kiasi kile, lakini kalsiamu yenyewe bado inanasa kwenye unywele, hasa uliowekwa rangi au kutiwa dawa, kwa sababu una sehemu nyingi zaidi za kuikamata.

Jambo la pili ni pH, kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni zaidi. Ngozi ya kichwa iko kwenye asidi kidogo, karibu 5.5. Unywele wenyewe uko chini zaidi, karibu 3.67. Sabuni ya kipande iko 9 hadi 10. Kadiri unavyopanda juu, unywele unazidi kuwa na chaji hasi, nyuzi zinasukumana, magamba ya juu yanainuka, msuguano unaongezeka. Unauhisi kama ukavu, lakini ukipaka mafuta unafunika tu.

Tafuta shampuu yenye EDTA kwenye orodha, iwe ya disodiamu au tetrasodiamu, au yenye sodiamu glukoneti, au asidi ya fitiki. Kazi yake ni kuyakamata madini na kuondoka nayo. Nyingi zina EDTA kidogo ya kulinda chupa tu. Zile zilizokusudiwa kwa maji magumu huweka wazi kwamba zinaondoa madini. Si ya kila siku. Kama kuna maji ya mvua, suuzia ya mwisho kwa hayo. Utashangaa.

---

Kisima_Kirefu

Maji ya mvua! Bibi yangu alikuwa anakinga ya kuoshea nywele tu, tukidhani ni mambo ya kizamani. Asante sana, mkuu.

---

Dredi_Refu

Kaka zenu wa dredi tupo. Uzi huu unatuhusu kuliko wote, maana kwetu kinachobaki kinabaki kweli, ndani ya dredi, hukioni. Mimi niliacha krimu zote miaka mitatu iliyopita baada ya kukuta uji mweupe katikati ya dredi moja iliyokatika. Sasa ni shampuu ya maji maji isiyo na polima, naichanganya na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, naipitisha kwenye mistari ya ngozi. Kwa waliosuka ni vivyo hivyo. Nakausha hadi ndani kabisa, silali na kichwa kibichi.

---

Unywele_Mwembamba

Dredi_Refu, umesema jambo la maana. Nitie tahadhari moja: mkichanganya shampuu na maji, mchanganyiko ni wa siku hiyo hiyo, unaobaki mwageni. Kihifadhi kilichomo kilipimwa kwa ajili ya shampuu kama ilivyotoka kiwandani. Ukiongeza maji unakipunguza nguvu, na bakteria hupenda chupa yenye maji ya vuguvugu iliyokaa bafuni wiki mbili. Dada yangu alipata vipele kichwani kwa njia hii, tukawa tunalaumu manukato.

---

Mba_Sugu

Nina mba. Nimetumia shampuu nyepesi, ya mimea, haina chochote kizito, na mba ndiyo imeongezeka. Shangazi ananipaka mafuta kichwani kila Jumapili, inatulia siku moja halafu inarudi.

---

MzeeWaMaabara

Mba nyingi inahusiana na hamira (aina ya kuvu) iitwayo Malassezia ambayo sote tunayo kichwani. Chakula chake ni mafuta. Ukipaka mafuta, magamba yanalala chini hayaonekani kwa siku moja, na hamira imeandaliwa karamu. Mwambie shangazi kwa upole.

Hapa wepesi hautoshi, unahitaji dawa ndani ya shampuu. Ketokonazoli ndiyo ninayoiamini zaidi, au seleniamu salfaidi. Iache kichwani dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza. Wengi wanaisuuza papo hapo kisha wanasema haifanyi kazi. Ipake kwenye ngozi tu, na kwenye urefu tumia ile yako nyepesi. Ukiona mabaka ya duara yasiyo na nywele, vidonda, au magamba manene yanayoshuka hadi kwenye paji la uso, usihangaike na chupa, nenda kwa daktari wa ngozi.

---

Baridi_Kali

Nami wa huku kwenye baridi kavu na hita ndani ya nyumba. Nywele za mawimbi, unene wa kati. Nikivua kofia zinasimama zote. Nilinunua shampuu nyepesi kabisa, haina polima wala silikoni, na hali imezidi.

---

Unywele_Mwembamba

Kwako wewe uzito kidogo ni rafiki. Zile polima nilizozisema vibaya kule juu hupunguza msuguano na huo umeme unaosimamisha nywele. Kama hutaki ziwe kwenye shampuu, baki na hiyo nyepesi lakini usiruke kondishena hata siku moja. Na kwa hewa yako huhitaji kuosha mara nyingi. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha wengi. Msimu ukibadilika, pima upya. Mimi nina chupa mbili bafuni, ya miezi ya unyevu na ya miezi mikavu.

---

SingaZangu

Nimerudi, wiki tatu sasa. Nimehamia kwenye yenye glukosaidi, kondishena kwenye ncha tu. Sasa nafika saa mbili usiku ndipo utosi unaanza kung'aa. Sijawahi kufika huko tangu nimekuwa mtu mzima. Swali moja: binti yangu ana miaka sita, nywele kama zangu. Aanze kutumia hii hii kila siku?

---

Unywele_Mwembamba

Nimefurahi mno kusikia! Hapana, bado. Kabla ya balehe tezi za mafuta hutoa kidogo sana, hana cha kuoshwa kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki, na siku alizocheza akatoka jasho msuuzie maji matupu. Chagua ya upole isiyo na manukato makali na uangalie isimwingie machoni. Tatizo lake kubwa kwa umri huo litakuwa mafundo, kwa hiyo tia kondishena kidogo kwenye ncha, na uchane kuanzia chini kwenda juu.